Ngozi ya Mfungwa

Sabuni mnayoogea na pomadi ambayo mama anampaka mtoto zimetengenezwa kwa dawa nyingi. Dawa nyingine haiunguzi siku ya kwanza. Mtu anaipaka leo na kesho bila neno lolote, kumbe ndani ya mwili ngozi inajifunza kuichukia. Siku moja anaigusa kidogo tu: ngozi inawasha, inavimba, inatoa maji. Waganga wanaita hali hiyo aleji, na mara nyingi haimwachi mtu tena maisha yake yote.

Ni vema, basi, kuitambua dawa ya namna hiyo kabla haijafika sokoni. Lakini itambuliwe kwa ngozi ya nani?

Huko Marekani, katika mji wa Philadelphia, palikuwa na gereza la Holmesburg. Tangu 1951 mpaka 1974 mganga wa ngozi Albert Kligman, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alijaribia humo dawa nyingi juu ya wafungwa. Mwaka 1966 alitangaza njia yake ya kutafuta aleji. Watu 25 hivi walichokozwa ngozi kwa dawa kali ya jamii ya sabuni, ndipo wakafungwa kitambaa chenye dawa inayojaribiwa kwa saa 48; na hivyo mara tano. Wakapumzika siku kumi hivi, wakafungwa tena, wakahesabiwa waliodhurika. Angalieni vizuri: njia hii ilitafuta kwa makusudi kuwatia watu aleji, kadiri ilivyowezekana.

"Lakini walikubali!" mtu atasema. Ndiyo, walitia sahihi, wakalipwa, na fedha ile ilizidi sana ile ya kazi nyingine za gerezani. Hapo ndipo ninapoona mashaka. Wengi walikuwa watu weusi, maskini, na wengine walikuwa hawajahukumiwa bado. Walikosa tu fedha ya dhamana ili wangoje hukumu nyumbani. Mtu uliyemfungia mlango, ukimwonyesha ufunguo na kumwambia "chagua", amechagua nini?

Tena mwashi anauza siku yake. Usiku analala, kesho nguvu zimerudi. Mfungwa yule aliuza kitu kisichorudi. Mwaka 1952 Papa Pio XII aliwafundisha waganga kwamba mtu si bwana wa mwili wake pasipo mpaka, wala mganga hawezi kupokea kwake ruhusa ambayo yeye mwenyewe hana. Sikatazi kila jaribio. Mtu huru, aliyeelezwa yote, akikubali dawa kidogo ili kuhakikisha tu kwamba haidhuru, sioni dhambi.

Shule ya uganga ya chuo kile iliomba radhi mwaka 2021, na mji wa Philadelphia mwaka 2022. Wengi wa wafungwa wale walikuwa wamekwisha kufa.