Ndoo na Mpira

Mwaka 1939, watawa Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface, mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, waliwaundia vijana timu ya mpira. Iliitwa Saint-Georges, sasa yajulikana kwa jina la TP Mazembe. Watawa hao hawakuona mchezo kuwa adui wa kitabu.

Lakini yeye aendaye uwanjani kupiga kelele tu, miguu yake haikucheza. Shirika la Afya Duniani lashauri wenye umri wa miaka 5 hata 17 wautumikishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na kazi za nyumbani nazo huhesabiwa.

Hapa ndipo penye neno gumu. Katika nyumba nyingi mvulana huachiliwa kazi kwa sababu “anasoma”, na ndoo ya maji huwekwa kichwani pa dada yake mdogo, ambaye naye ana daftari. Mvulana hulegea mwili. Dada husinzia darasani. Je, huo ni uvivu tu? La, ni dhuluma pia, kwa maana mzigo alioukataa haukupotea. Umehamia shingo nyingine. Na siku ya mechi kijana huyo huyo huvuka mji kwa miguu, wala hasemi kwamba anasoma.