Tuukomboe Wakati

(Waefeso 5:15–16)



Mtume Paulo alipowaandikia Waefeso aliwaonya waangalie sana mwenendo wao, wawe watu wenye hekima, tena waukomboe wakati. Neno hili kukomboa si geni kwetu. Mtu akipatwa na shida huipeleka cherehani yake kwa mwenye fedha, akaiweka rehani. Toka siku ile cherehani ni yake kwa jina tu. Imo mkononi mwa mwingine, wala hawezi kushona nayo hata shati la mtoto wake. Akitaka irudi, hana budi kulipa. Ndivyo ulivyo wakati wetu. Mungu alitupa, nasi tumeuweka rehani. Nao haurudi pasipo malipo.

Tuzitazame siku zetu. Mtu akaaye Mbagala au Chamazi, au upande wa pili, Tegeta na Bunju, huondoka nyumbani kungali giza ili awahi kazi mjini, hurudi usiku watoto wamelala. Mabasi yaendayo kasi yalipoanza kazi mwezi wa Mei, mwaka 2016, kutoka Kimara mpaka Kivukoni, wengi walipata nafuu. Lakini mji umezidi kukua, na wengi wangali wakisimama kituoni muda mrefu. Mungu azijua saa hizo, wala hamdai mtu saa zilizoliwa na barabara. Nisiwatwike maskini mzigo wa pili.

Lakini ziko saa nyingine ambazo hakuna aliyetunyang'anya. Twaishika simu kwa dakika tano, tukashtuka saa nzima imekwisha. Kamati ya arusi hukutana juma baada ya juma kwa ajili ya karamu ya usiku mmoja, na mgonjwa wa mtaa ule ule hatujamwona. Sisi watumishi wa Kanisa nasi tu hivyo hivyo kwa wingi wa vikao. Tukiulizwa habari za maombi, twajibu: Hatuna nafasi.

Zamani nilipolihubiri neno hili niliishia hapo. Lililosalia Mungu alinifundisha kwa kinywa cha mama mmoja wa Tandika, muuza vitumbua.

Mama huyu alikuwa haonekani katika ibada za jumuiya, nikamwendea nimwonye. Nikamkuta penye jiko lake, nikasema, "Mama, mbona humpi Mungu wakati wako?" Akanikaribisha kwanza, akanipa kigoda, akajibu kwa upole: "Baba Mchungaji, mimi huamka saa tisa za usiku nikakoroge unga. Moto ukishika, nawaombea watu wote watakaokula vitumbua vyangu, nawe ukiwamo. Jumapili nauza mpaka ibada ya kwanza iishe, kisha naoga, naja ibada ya pili. Lakini yuko binti mmoja hununua kwangu kila Jumapili, watu wakiwa wanaimba kanisani. Siku moja aliniuliza, 'Mama, mle ndani mnafanya nini muda wote huo?'"

Nikauliza, "Ni binti wa nani huyo?" Akainamisha macho, akasema, "Baba, unisamehe. Ni yule afanyaye kazi nyumbani kwako."

Wapenzi, nilirudi nyumbani sina neno. Binti yule alikuwa amekaa kwetu mwaka na zaidi. Kila Jumapili alifua, akalea mtoto, akapika chakula cha wageni wa mchungaji, ili mimi nipate nafasi ya kuwahubiria watu pumziko la Bwana. Nilidhani nimempa Mungu wakati wangu, kumbe nimempa wakati wa mwingine, wala mwenyewe sikumwomba.

Hapo ndipo nilipoisoma tena Amri ya Tatu. Katika Kumbukumbu la Torati 5:14 Mungu hamwamuru bwana wa nyumba peke yake apumzike. Awataja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, hata ng'ombe na punda, na mgeni aliye malangoni. Tena ataka mtumwa na mjakazi wapumzike sawasawa na bwana wao. Sababu imo katika mstari ufuatao: Waisraeli wakumbuke ya kuwa nao walikuwa watumwa katika Misri. Maana mtumwa ni nani? Ni mtu asiye na saa yake mwenyewe.

Sisi wa nchi hii twalijua jambo hili. Kisarawe si mbali na mji wetu. Huko mmisionari Greiner alianza kituo mwaka 1892, na watu waliotolewa utumwani wakapata makao. Mwaka 1922 sheria ilikomesha utumwa katika Tanganyika yote. Basi Kanisa letu la pwani lilikua kati ya watu waliorudishiwa saa zao. Je, ni halali sisi tulio warithi wao kuzishika saa za mtoto wa watu? Luther naye, katika Katekismo Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha ya kwamba siku hii ni kwa ajili ya watumishi hasa, wafanyao kazi juma zima, wapate kupumzika na kulisikia Neno. Hata sheria ya kazi ya nchi yetu ya mwaka 2004 yaamuru mfanyakazi apewe mapumziko ya saa 24 kila juma. Ikiwa serikali yaagiza hivyo, mwenye kuijua Amri ya Mungu atajitetea kwa nini?

Labda mtu atauliza: Nani basi atapika? Sikilizeni.

Kwanza, tuianze Jumapili tangu Jumamosi jioni. Wazee wa pwani huhesabu siku toka jua kuchwa. Usiku wa Jumapili hutangulia mchana wake. Ndivyo isemavyo sura ya kwanza ya Mwanzo pia, jioni yatajwa mbele ya asubuhi. Mungu humpa mtu usingizi kwanza, kisha kazi. Basi maji yatekwe, nguo zifuliwe, na mchele uchaguliwe kabla jua halijachwa, tena kwa mikono ya wote, baba na watoto wakiwamo.

Pili, mfanyakazi wa nyumbani apewe siku yake kweli kweli. Akienda kanisani, aende ameoga na kuvaa vema, wala asibebeshwe mtoto wetu. Kama si wa dini yetu, siku ile ni yake vile vile.

Tatu, tushike sala ya asubuhi na ya jioni. Katekismo Ndogo yatuagiza tuamkapo tuseme Imani na Baba Yetu, kisha twende kazini kwa furaha; na usiku tuombe, tukalale mara moja. Dakika chache zatosha, hata aliye kituoni aweza. Na simu ilale kabla yetu.

Nanyi wainjilisti, kabla ya kumwandika mtu kuwa mvivu wa ibada, kaulizeni kwanza ni nani aliyezishika saa zake.

Nyumbani kwetu malipo yalikuwa madogo: Jumamosi mchungaji hufua, na mgeni wa Jumapili hula chakula kilichobaki jana. Jumapili ya kwanza binti yule hakwenda kanisani. Alilala mpaka saa nne. Nikaanza kunung'unika. Mke wangu akasema, "Mwache, baba. Na huko ni kupumzika kwa Bwana." Nikanyamaza. Yalipopita majuma kadhaa nilimwona kutoka mimbarani, ameketi karibu na yule mama wa vitumbua. Hakuna aliyemtuma.

Wapenzi, Kristo hakutukomboa kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu yake mwenyewe. Saa zetu zote zimenunuliwa, na saa za wadogo wetu pia. Tumwombe atufundishe kuzihesabu siku zetu, tena atupe moyo wa kurudisha tulizowachukulia wengine. Amin.