Eli Hakuisikia Sauti

Kijana wa Kibakwe, wilayani Mpwapwa mkoani Dodoma, hulima kwa mvua za msimu mmoja, kisha kiangazi kirefu humpa nafasi ya kujiuliza kama jembe ndilo kazi yake ya maisha. Tangu Serikali ilipoanza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa kweli, baada ya uamuzi wa 1973 kusuasua kwa zaidi ya miaka 40, swali hilo limezidi uzito: mjini kunajengwa, kuna bodaboda, kuna ofisi. Mijini siku hizi kuna pia washauri wanaolipwa ili wamsaidie mtu kubadili kazi. Je, mtu mwingine aweza kuujua wito wako? Naamini hawezi, na bado naamini ana kazi ya kufanya.

Ushahidi wangu ni kisa cha Biblia cha mtoto Samweli na kuhani mzee Eli. Mtoto aliitwa na Mungu usiku mara tatu, na mara zote tatu alimkimbilia mzee akidhani ndiye aliyeita. Eli hakuisikia sauti ile hata kidogo. Alichokuwa nacho ni uzoefu wa kutambua kwamba kuna anayeita, na unyenyekevu wa kumrudisha kijana kitandani akiwa na jibu la kutoa. Mshauri anayemtazama mtu kwa nusu saa akamtangazia kwamba amezaliwa kuwa mfanyabiashara amevuka mpaka ambao Eli hakuuvuka. Huyo amejifanya ndiye mwitaji.

Wapo watakaosema riziki huandikwa na Mungu, hivyo kumwendea mshauri ni upungufu wa imani. Lakini Qurani yenyewe inawasifu wanaoshauriana katika mambo yao, na Waislamu wengi huona istikhara, yaani sala ya kumwomba Mungu mwongozo, na kuomba ushauri kuwa vinakwenda pamoja. Pingamizi zito zaidi ni la wazee: tuna wajomba na mashangazi, mgeni wa kulipwa wa nini? Kweli, ndugu wanakujua tangu utotoni. Ila wana hisa ndani yako. Aliyeuza ng'ombe akulipie ada ya chuo cha ualimu hatafurahi ukimwambia moyo wako uko kwenye uselemala, na ushauri wake utaegemea huko hata akiwa na nia njema. Tatizo ni kwamba mgeni naye ana hisa, nayo ni malipo yake. Kadiri unavyobaki gizani ndivyo unavyorudi kwake.

Hapo sehemu ya mwisho ya kisa, ambayo haihubiriwi mara nyingi, inanisaidia. Ujumbe aliopewa Samweli ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli mwenyewe. Kijana aliogopa kuusema. Mzee akamlazimisha asifiche neno, akaupokea. Kipimo changu kwa mshauri ni hicho: kama anaweza kuvumilia jibu linalomnyima faida. Kijana aliyefanya kazi ya saidia fundi miaka kadhaa Dodoma huenda hahitaji vikao vingine vya kujitafuta. Anahitaji kuambiwa kwamba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana kazini, bila kurudi darasani kuanza upya. Mshauri mwaminifu humwelekeza huko siku ya kwanza, ingawa kwa kufanya hivyo anampoteza mteja.