Kanzu za Marehemu

Bukoba ni kati ya miji yenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Hapa Ijuganyondo unyevu umezifikia albamu za baba, na kanzu zake zinanuka uvundo. Kaka anataka tukodi chumba chenye kiyoyozi. Hoja yake ina uzito: picha ikishaliwa na ukungu hairudi. Lakini msonge wa Wahaya ulitunzwa na moshi wa mafiga, uliokausha nyasi za paa na kufukuza wadudu. Watu wakihama, moto ukazimika, paa lilioza. Basi picha ziende pakavu, maana karatasi haivumilii. Kanzu wapewe wajukuu wazivae. Kufungia tusichokusudia kukifungua tena ni kumzika baba mara ya pili, tukilipia umeme kila mwezi.