Noeli Isitukute Hoi: Tafakari ya Majilio kwa Vijana

Masomo ya kutafakari: Lk 14:28-30, Lk 10:38-42



Kijana mwenzangu, simama kituoni Buguruni jioni ya tarehe 23 Desemba uone. Daladala zinazotoka Kariakoo zinafika zimejaa mpaka mlangoni. Huyu amekumbatia mfuko wa nguo za watoto, yule ana kilo zake za mchele, mwingine kuku wake analia chini ya siti. Lakini ziangalie sura zao. Ni watu wanaokwenda kwenye sherehe kweli? Wamechoka, na wengi wanapiga hesabu kimoyomoyo: nimebakiwa na shilingi ngapi, na Januari ada nitaitoa wapi?

Halafu usiku wa tarehe 24 tunaimba kwa furaha kwamba Mkombozi amezaliwa. Swali langu leo ni hili: akija nyumbani kwenu, atamkuta nani bado yuko macho?

Kaa chini kwanza

Katika Injili ya Luka sura ya 14, Yesu anazungumzia mtu anayetaka kujenga mnara. Mwenye akili hukaa chini kwanza, akapiga hesabu, akajua kama atamaliza. Asiyefanya hivyo huishia kwenye msingi, na wapita njia wanamcheka. Pale Yesu alikuwa anaeleza gharama ya kumfuata. Lakini alichagua mfano ambao hata mtu asiyejua kusoma anauelewa, kwa sababu kupanga mbele ni sehemu ya hekima ya imani. Tusidhani kwamba anayepanga amekosa kumtegemea Mungu.

Kanisa lenyewe linapanga. Majilio huanza kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, nasi tunapewa Dominika nne nzima za kujiandaa. Kanisa linajua kwamba moyo haufunguki ghafla kama duka.

Mtazame pia Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Mwaka 1223 alitaka watu wa kijiji cha Greccio, kule Italia, waone kwa macho yao jinsi Mtoto Yesu alivyozaliwa katika ufukara. Alifanya nini? Siku kama 15 kabla ya Noeli alimwita mtu mmoja wa pale, jina lake Yohane, akamweleza anachotaka kiandaliwe. Na orodha yake ilikuwa na nini? Hori, majani makavu, ng'ombe na punda. Basi. Usiku ulipofika watu walikuja na mienge, wakarudi makwao wamejaa furaha. Fransisko alipanga mapema, na akapanga kidogo. Sisi huwa tunapanga makubwa, tena tunaanza tarehe 22.

Mzigo tusiousema

Jamani, tuseme ukweli. Kinachozichosha nyumba zetu wakati wa Noeli si uhaba wa hela peke yake. Ni kukaa kimya. Baba anajua mwaka huu hakuna nguo mpya kwa wote, lakini anaona aibu kusema. Mama anajua hataweza kupika kwa wageni kumi na tano, lakini hajaulizwa. Wadogo zetu wameshaambiana huko shuleni watavaa nini. Bibi kule Moshi au Bukoba anawasubiri. Kila mtu ana Noeli yake kichwani, na zote zinagongana tarehe 24. Hapo ndipo milango inapobamizwa, na watu wanakwenda kanisani hawasemeshani.

Neno la kweli likisemwa mapema linauma kidogo. Likisemwa mkesha wa sikukuu, linavunja nyumba.

Kwa hiyo, kijana, omba kikao cha familia. Tarehe 9 Desemba ni sikukuu ya Uhuru, wengi wapo nyumbani. Mwambie baba au mama kwa heshima: "Mzee, tunaomba tukae kidogo tuzungumze habari ya Noeli, na sisi tujue tunasaidia wapi." Mzazi akisikia hivyo, nusu ya mzigo umeshashuka.

Mezani wekeni mambo matatu.

La kwanza ni hela. Anzeni na Januari, kisha mrudi Desemba. Toeni kwanza ada, sare, madaftari na kodi ya nyumba. Kinachobaki ndicho cha sikukuu, hata kikiwa kidogo. Na mwakani anzeni mapema zaidi: anayeweka shilingi 1,000 kwenye kibubu kila siku kuanzia tarehe 1 Oktoba, hadi tarehe 24 Desemba ana shilingi 85,000. Nguo za watoto zinunuliwe mapema, kabla Mtaa wa Congo pale Kariakoo haujawa wa kusukumana.

La pili ni safari. Mnakwenda kijijini au hamwendi? Amueni kabla tiketi za mabasi hazijawa za kugombania. Kama hamwendi, pigeni simu: "Shikamoo bibi. Mwaka huu hatutaweza kuja, ila tutakutumia sukari na tutasali pamoja nawe." Bibi atasikitika, lakini hatakaa mlangoni akisubiri basi ambalo halina mjukuu wake.

La tatu ni kazi, na hapa nasema na sisi vijana. Mwezi Desemba tuko kwenye mazoezi ya kwaya, tunapamba kanisa, tunajenga pango. Vizuri sana. Lakini nyumbani mama na dada wanafua mapazia, wanachambua mchele, wanakoleza mkaa peke yao. Martha alipolalamika kwa Yesu, alikuwa na mengi mkononi na hakuna wa kumsaidia. Yesu alimwita asikie Neno. Basi tuwape akina Martha wetu nafasi ya kukaa na kusikia. Gaweni kazi kwa majina: nani anakwenda sokoni, nani anapika, nani anaosha vyombo. Na vyombo havina jinsia, kaka.

Wengi wetu tunaishi nyumba za kupanga, ua mmoja na ndugu zetu Waislamu. Panga hilo pia. Mwombe mapema mzee wa jirani awachinjie kuku, ili sahani ya pilau ikipita mlango kwa mlango kila mtu ale kwa amani. Watoto wa ua mzima wataikumbuka sahani hiyo.

Nafasi ya Mgeni

Luka anatuambia Yesu alilazwa horini kwa sababu nafasi ilikosekana nyumba ya wageni. Hatuambiwi kwamba watu wa Bethlehemu walikuwa wabaya. Palikuwa pamejaa tu. Na sisi hatumfukuzi Yesu. Tunajaza nyumba, ratiba na vichwa mpaka anakosa pa kuingia. Tukipanga mapema, tunamwachia nafasi.

Kwa hiyo usiache roho yako iwe ya mwisho kwenye orodha. Nenda ukapokee Sakramenti ya Kitubio mwanzoni mwa Majilio, kabla ya foleni ya mkesha. Na kama kuna ndugu hamsemeshani, mtafute wiki hii.

Tendo la wiki: omba kikao cha familia, na uchague kazi moja ya nyumbani ambayo mama hataigusa mpaka Noeli ipite.

Tusali: Ee Yesu, uliyekubali kulazwa kwenye majani makavu, utufundishe kutosheka. Wape wazazi wetu ujasiri wa kusema ukweli, nasi utupe mikono ya kusaidia. Ukija nyumbani kwetu, utukute tuna amani, na tuko macho. Amina.