Jeneza Lina Wabebaji, Mgonjwa Je?

Hapa kisiwani akifariki mwanamke, naitwa mimi kumwosha. Najua maji ya mkunazi yawe na uvuguvugu gani, najua karafuumaiti hutiwa katika maji ya mwisho, na sijawahi kukosa mtu wa kunishikia kata. Sanda huletwa kabla sijaiulizia. Wanaume huacha nyavu zao, na jeneza likitoka kila mmoja ataka alitie begani japo hatua chache. Sababu tulifundishwa chuoni tukiwa wadogo: kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni fardhi kifaya. Wakitekeleza baadhi, waliobaki hawana lawama. Asipotokea hata mmoja, dhambi ni ya mji mzima.

Sasa kaunti yataka kupunguza mafuta ya boti ya wagonjwa. Itatoka mchana tu. Usiku, tumeambiwa, familia zijipange. Zijipange na nini? Kusi likivuma mvuvi hana hata pesa ya unga, seuze ya kukodi boti ya mashine usiku wa manane. Na damu ya uzazi haingoji kuche, huweza kuua ndani ya saa mbili. Kabla boti hii haijaletwa nilimwosha mzazi ambaye hina ya harusi ya mdogo wake ilikuwa bado nyekundu nyayoni. Muuguzi wa zahanati alikuwa amefanya yote aliyoyaweza. Kilichokosekana ni chombo cha kumvusha.

Nilipopeleka karatasi ya sahihi barazani, mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, “Mwanangu, kila nafsi ina siku yake. Boti haiongezi umri.” Nikamwambia, “Kweli, baba, lakini Sayyidna Umar alipopata habari ya tauni ya Shamu aligeuza msafara wake. Akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, akajibu kuwa anatoka katika kadari kwenda katika kadari.” Siku ya mtu aijua Mola peke yake. Sisi tusioijua tumebakiwa na kazi ya kumfikisha hospitali.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu tiba katika fardhi kifaya, tena akalalamika kuwa watu wanasongamana kwenye fikihi huku miji haina tabibu Mwislamu. Na wanazuoni wana kanuni kwamba lile ambalo wajibu hautimii ila kwalo, nalo ni wajibu. Daktari yuko ng'ambo ya maji. Kwa hiyo boti, mafuta yake na nahodha wa kuamka usiku vimo ndani ya fardhi ile ile, na kwangu mimi vyatangulia sanda.

Wako wanaosema tuchange msikitini, tujinunulie mafuta, yaishe. Kuchanga tutachanga, mgonjwa wa leo hawezi kungoja kikao. Ninachokiogopa ni kuchanga kimya kimya. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti huduma za ambulensi, na Kifungu cha 43 chasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mzigo huu una mwenyewe, naye anakusanya ushuru wetu sokoni. Tukiubeba bila kusema neno, atajiona amevuliwa lawama kama wale wasiohudhuria maziko kwa kuwa wengine wamekwenda.

Makadirio ya bajeti hupelekwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kikao cha maoni ya umma kimewekwa bara, asubuhi, wakati maji yametoka, kwa hiyo itabidi tuvuke usiku wa kuamkia siku hiyo. Manahodha wawili wamekubali kutuvusha bila nauli. Nimewaomba wajawazito waje na vitabu vyao vya kliniki. Mimi nitataka mafuta ya boti na mshahara wa nahodha wa usiku viandikwe kwenye mstari wao wenyewe, visifichwe ndani ya “matumizi mengineyo”, na nitataka jibu papo hapo, mbele ya watu.