Umbo Si Shahidi

Je, ni haki kulisadiki umbo la mtu na kumkadhibisha mwenyewe? Swali hili humkabili mwanamke mwembamba mwenye sindromu ya ovari zenye vijifuko vingi. Hedhi humpotea kwa miezi, chunusi hazimtoki, kidevuni humwota nywele. Akenda kutibiwa huambiwa kwamba mwembamba kama yeye hawezi kuwa na maradhi hayo. Wapo wanaongoja miaka kabla hali yao kupewa jina.

Kosa hili halina udhuru wa kitabu. Stein na Leventhal walipoyaeleza maradhi haya huko Chicago mwaka 1935, si wote katika wale wanawake saba waliokuwa wanene. Vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam mwaka 2003 ni vitatu, na viwili hutosha maradhi mengine yakishaondolewa shakani: yai kutopevuka kwa utaratibu, homoni za kiume kuzidi, na ovari kuonekana zina vijifuko vingi. Uzito haumo.

Nasi washairi tumo lawamani. Tumekisifu kiuno cha nyigu hata tukakifanya hati ya uzima. Msemo wa mkakasi tunao, uzuri wa nje na ndani kipande cha mti, ila twautumia kumsuta mtu, si kumsikiliza.

Jina likishapatikana, wapo wanaosema kwamba faraja hutangulia majonzi: kumbe hawakuwa wakizua! Kisha hukabidhiwa karatasi ya nasaha, na ya kwanza ni kupunguza uzito.